Namna ya kujibu dau hafifu ukiwa na zamu ya mwisho katika poka isiyo na kikomo

Katika poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, mchezaji aliye kwenye kitufe cha mgawaji, yaani alama inayoonyesha nani anahesabiwa kuwa mgawaji, hutenda wa mwisho katika kila duru tangu karata za mezani zinapoanza kufunuliwa. Huona wenzake wote wamefanya nini kabla yeye hajagusa chipu zake, na kwa anayejua kuitumia, nafasi hiyo huleta faida hata pale karata zinapokuwa za kawaida tu. Hata hivyo, nimewaona wachezaji wengi makini wakiipoteza faida hiyo pale wanapowekewa dau dogo. Wapo wanaofuata kila mara kwa sababu dau ni rahisi, na wapo wanaopandisha kila mara kwa sababu wanaamini wameona udhaifu. Wote hao wamejibu ukubwa wa dau, wakasahau karata zilizo nyuma yake. Utaratibu ninaoueleza hapa unajengwa juu ya swali moja ambalo mchezaji anapaswa kujiuliza kabla ya kutenda: nikipandisha, ni karata zipi atakazozitupa mpinzani wangu, na ni zipi atakazobaki nazo ili anilipe?

Nitatumia maneno machache kwa maana maalumu. Fungu ni fedha zote zilizokwisha kuwekwa katikati ya meza. Kupisha ni kukataa kuweka dau bila kutoka mchezoni. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako kama lilivyo. Kupandisha ni kuliongeza. Na kutupa ni kuziacha karata zako pamoja na haki yako katika fungu. Karata tatu za kwanza za mezani, ambazo kila mchezaji huziunganisha na mbili zake, huitwa flopu, kisha hufuata karata ya nne na ya tano. Aina za karata nitaziita kwa majina tuliyoyazoea, yaani kopa, uru, shupaza na pau, na karata ya juu kuliko zote nitaiita ree. Mifano yangu ni ya meza ya dola 1 na dola 2, ambayo ni meza ya kawaida ya kiwango cha chini katika kumbi za kamari za Marekani. Kiasi hicho ni madau ya lazima yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa. Kila mchezaji katika mifano hii anaanza akiwa na dola 200 mbele yake.

Dau hafifu ni lipi, na lina bei gani

Udogo wa dau hupimwa kwa fungu, haupimwi kwa mfuko wa mtu. Dola 10 zikiwekwa katika fungu la dola 12 ni dau zito, ilhali dola 20 katika fungu la dola 120 ni dau hafifu, hata kama dola 20 ni fedha nyingi kwako. Hapa nitahesabu kuwa dau ni hafifu iwapo halizidi theluthi moja ya fungu.

Bei ya dau hupatikana kwa kuchukua kiasi unachotakiwa kulipa na kukigawa kwa fungu litakavyokuwa baada ya wewe kulipa. Mpinzani akiweka dola 25 katika fungu la dola 100, nawe ukafuata, fungu litakuwa dola 150 na sehemu yako mpya humo ni dola 25, yaani moja ya sita. Kwa hiyo ukiweza kushinda takriban mara 17 katika kila mara 100, kufuata hakukutii hasara. Dau la theluthi ya fungu linadai asilimia 20, la nusu ya fungu linadai asilimia 25, na la fungu zima linadai asilimia 33. Msomaji akizishika namba hizi nne kichwani hatahitaji hesabu ndefu mezani.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, ambao ndio unaowaumiza wachezaji waoga. Anayeweka robo ya fungu hupata faida papo hapo kwa karata zozote mbili, hata zisizo na thamani yoyote, ikiwa wewe utatupa zaidi ya mara moja katika kila mara tano. Maana yake ni kwamba dau dogo linakutaka ubaki mchezoni na sehemu kubwa ya karata ulizofika nazo kwenye flopu, karibu asilimia 80. Hili ni kipimo cha kukuongoza tu, wala halikulazimishi kubaki na saba na tatu zisizohusiana na chochote. Lakini ukijikuta unatupa nusu ya karata zako kila unapowekewa robo ya fungu, ujue kuwa kuna mtu mezani anayekutoza ushuru bila wewe kutambua.

Linganisha bei hizo na mikono inayosubiri kukamilika, yaani karata za mchezaji zilizopungukiwa na moja ili ziwe tano za aina moja au tano zinazofuatana. Mwenye karata nne za aina moja baada ya flopu ana karata tisa zinazomfaa kati ya 47 asizoziona, yaani takriban asilimia 19 kwa karata ya nne pekee, na takriban asilimia 35 akiziona zote mbili zilizobaki. Mwenye karata nne zinazofuatana, zilizo wazi pande zote mbili, ana nane zinazomfaa, yaani asilimia 17 kwa karata moja. Mwenye mfuatano wenye pengo katikati ana nne tu, ambazo hazifiki hata asilimia 9. Huyu wa mwisho hailipi bei ya robo ya fungu kwa karata yake peke yake. Akifuata, anategemea fedha atakazozivuna baadaye au nafasi ya kulinyakua fungu pale mpinzani atakapopisha. Hapo ndipo zamu ya mwisho inapoanza kuwa na kazi, kwa sababu fursa zote mbili humwendea zaidi yule anayetenda baada ya mwenzake.

Anayeliweka ni nani

Bei huielewa kila mtu anayejua kugawanya. Kazi ngumu zaidi ni kutambua dau hilo limetoka kwa nani na katika mazingira gani, kwa kuwa dau la dola 5 linaweza kuwa na maana tatu tofauti likitoka katika mikono mitatu tofauti.

Katika meza za kiwango cha chini, dau hafifu la kawaida kabisa hutoka kwa mtu aliyeanza kwa kufuata dau la lazima, akakubali ulipopandisha, kisha baada ya flopu akatangulia kuweka kiasi kidogo badala ya kukupishia. Mara nyingi mtu huyu ana jozi ya katikati, au jozi ya juu yenye karata dhaifu ya pili, au mkono unaosubiri. Anahofia kwamba akikupishia utaweka dola 15, kwa hiyo anajipangia bei yake mwenyewe. Udhaifu wake ni wa kweli, lakini usichanganye udhaifu na utayari wa kutupa. Watu wengi wa aina hii huweka dau dogo kwa sababu wamekwisha kuamua kuona karata ya tano, na hawataki tu kulipa sana njiani.

Wa pili ni mtu aliyepandisha kabla ya flopu akiwa kwenye nafasi ya mbele, wewe ukamfuata, na sasa anaendelea kwa theluthi ya fungu. Dau la namna hii si ungamo la udhaifu. Wachezaji waliojifunza kwa programu za kompyuta za kuchambua poka huweka theluthi ya fungu kwa karibu kila karata walizonazo pale flopu inapokuwa kavu, yaani isiyosaidia mikono inayosubiri, kwa mfano mfalme, saba na mbili za aina tatu tofauti. Nyuma ya dau lao kuna ree mbili, kuna mfalme na malkia, na kuna nane na saba pia. Ukipandisha kwa pupa kwa sababu tu dau ni dogo, utagongana na karata nzito mara nyingi kuliko ulivyotarajia.

Wa tatu ni mtegaji, mwenye jozi mbili au karata tatu zinazofanana, ambaye anaweka kidogo ili wewe upandishe. Ni wachache kuliko watu wanavyodhani, lakini wapo, na huonekana zaidi katika meza zenye wachezaji wanaopenda kupandisha kila wanapoona dau dogo.

Kuna jambo la kweli la kuongeza hapa kwa wale wanaodhani kuwa kumtangulia aliyepandisha ni alama ya mchezaji asiyejua. Mwaka 2019, Noam Brown na Tuomas Sandholm walichapisha katika jarida la Science matokeo ya programu yao iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika poka ya watu sita isiyo na kikomo. Programu hiyo ilitumia dau la kumtangulia aliyepandisha mara nyingi zaidi kuliko wachezaji hao wa kulipwa. Kwa hiyo mtazame mtu mwenyewe kwanza. Namna bora ya kumjua ni kukumbuka karata alizozionyesha mwisho wa mkono kila alipokuwa ameweka dau hafifu. Ukishaona mara mbili au tatu, unajua mengi kuliko kanuni yoyote itakavyokueleza.

Kufuata ndilo jibu la karata za katikati

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu makosa mengi hutokea hapa na hayaonekani. Tuseme mchezaji wa mbele amefuata dola 2, wewe kwenye kitufe umepandisha hadi dola 10 ukiwa na tisa mbili, naye amekubali huku walioweka madau ya lazima wakitupa. Fungu ni dola 23. Flopu ni mfalme wa shupaza, nane ya uru na nne ya pau, naye anatangulia na dola 5.

Jiulize lile swali. Ukipandisha hadi dola 20, atatupa nini? Atatupa sita mbili, nne na tano, pengine hata nane na saba, na zote hizo unazishinda tayari. Atabaki na nini? Atabaki na mfalme, ambaye anakushinda. Umezifukuza karata zote zilizokuwa tayari kukulipa na kubaki na zile unazozilipa wewe. Ndiyo maana napinga kwa nguvu ule usemi wa mezani kwamba unapandisha ili ujue ulipo. Dola 15 za ziada ni gharama kubwa kwa habari ambayo zamu ya mwisho ingekupa bure kwenye karata inayofuata.

Ukifuata, unalipa dola 5 katika fungu litakalokuwa dola 33, yaani unahitaji kushinda takriban asilimia 15 tu, na tisa mbili zina uwezekano mkubwa kuliko huo. Hatari ya kumwachia aone karata nyingine ni ndogo kuliko inavyohofiwa: mwenye sita mbili ana karata mbili tu za kumwokoa kati ya 45 zilizobaki, chini ya asilimia 5 kwa karata ya nne. Baada ya hapo mambo huwa rahisi. Akikupishia kwenye karata ya nne isiyobadilisha kitu, weka takriban dola 15, na sasa sita mbili au nane zake zitakulipa kwa sababu ulionekana huna nguvu. Akiweka tena dau dogo, fuata tena. Akibadilika ghafla na kuweka dola 30, mtu wa aina ya kwanza niliyemweleza anakuambia kuwa ana mfalme au zaidi, nawe unatupa ukiwa umepoteza dola 5 tu baada ya flopu.

Kufuata kunafaa pia kwa karata ambazo bado si kitu. Chukua malkia na jeki za shupaza kwenye flopu ya nane ya shupaza, tano ya pau na mbili ya kopa, fungu likiwa dola 23 na dau dola 5. Una karata sita zinazoweza kukupa jozi ya juu, yaani takriban asilimia 13 kwa karata ya nne, na bei ni asilimia 15, kwa hiyo unakaribia lakini hufiki. Kinachoziba pengo ni kwamba wewe ndiye uliyepandisha kabla ya flopu. Ikija ree au mfalme naye akapisha, dau lako la dola 20 linaaminika, kwa kuwa watu waliopandisha mwanzo ndio wenye karata hizo. Sharti ni kwamba uwe na mpango huo kabla ya kufuata. Anayefuata kwa dola 5 bila kujua ni karata zipi za nne zitakazomruhusu kulichukua fungu, huishia kulipa dola 5 mara ishirini na kupisha kila mara.

Kupandisha

Karata nzuri hupandishwa kwa sababu ya kuzidisha fungu, na hesabu yake ni nyepesi kuonyesha. Una ree na kumi za shupaza, flopu ni kumi ya uru, sita ya uru na tatu ya pau, na mpinzani ametangulia na dola 5 katika fungu la dola 23. Ukifuata, fungu la karata ya nne ni dola 33. Ukipandisha hadi dola 20 naye akakubali, fungu ni dola 63, na madau yote yanayofuata yatajengwa juu ya hizo 63. Karata zitakazokulipa ni nyingi: kumi yenye jeki au tisa, nane mbili, saba mbili, sita yenye chochote, na karata mbili za uru zinazosubiri uru ya tano katika zile karata mbili zijazo. Tofauti na mfano wa tisa mbili, hapa swali linajibiwa kwa upande mwingine, kwa maana karata nyingi zinazobaki ni zile unazozishinda. Kumfuata mtu huyu kwa unyenyekevu eti usimtishe ni kumwachia fedha ambazo alikuwa tayari kukupa.

Kupandisha kwa hadaa kunadai uangalifu zaidi. Ukipandisha hadi dola 20 juu ya dau la dola 5 katika fungu la dola 23, unahatarisha dola 20 ili upate dola 28, kwa hiyo hadaa tupu inahitaji atupe takriban asilimia 42 ya wakati. Katika meza za dola 1 na 2 si kila mtu anayetupa kiasi hicho, na ndiyo sababu nashauri hadaa ifanywe kwa karata zenye tegemeo. Mfano mzuri ni tisa na nane za kopa kwenye flopu ya mfalme wa pau, saba ya kopa na mbili ya kopa. Akitupa, umechukua fungu. Akikubali, bado una takriban asilimia 35 ya kukamilisha kopa tano kabla ya mwisho. Zaidi ya hayo, mchezaji aliyepandishiwa kwa kawaida hukupishia kwenye karata ya nne, nawe kwa kuwa unatenda wa mwisho unaweza kupisha vilevile na kuiona karata ya tano bila kulipa. Mwenye zamu ya kwanza hana njia ya kujipatia zawadi hiyo.

Epuka hadaa dhidi ya mtu ambaye amebakiwa na chipu chache. Aliye na dola 35 tu akishaweka 5 huwa anajiona amekwisha kuingia, na atazimalizia. Epuka pia pale ambapo kuna mchezaji wa tatu aliyekwisha kulifuata dau hilo dogo kati yenu, kwa sababu sasa unahitaji wawili watupe. Lakini ukiwa na jozi ya juu katika hali hiyo hiyo, kupandisha kunakuwa bora zaidi, maana walipaji wameongezeka.

Kuhusu kiasi, pandisha hadi mara tatu na nusu au nne ya dau lake. Kiwango cha chini ambacho kanuni inakuruhusu kupandisha juu ya dola 5 ni hadi dola 10, lakini fikiria bei unayompa ukiishia hapo: atalipa dola 5 katika fungu litakalokuwa dola 43, yaani asilimia 12, na hata mwenye mfuatano wa pengo atashawishika. Ukipandisha hadi 20, analipa dola 15 katika fungu litakalokuwa dola 63, takriban asilimia 24, na hapo mikono mingi inayosubiri inalipa zaidi ya thamani yake. Utaratibu wa ukumbi nao una sehemu yake. Tamka neno la kupandisha na kiasi chake kabla ya kusogeza chipu, kwa sababu ukirusha chipu moja ya thamani kubwa bila kusema neno, kanuni za kumbi nyingi zitahesabu kuwa umefuata tu, na nafasi yako itakuwa imepita.

Karata ya nne na ya tano

Dau hafifu la karata ya nne huwa na habari nyingi kuliko la flopu, hasa linapotoka kwa mtu aliyeanza kwa nguvu. Rudi kwenye flopu ya mfalme wa pau, saba ya kopa na mbili ya kopa. Safari hii mpinzani aliweka dola 15 katika fungu la 23, ukamfuata ukiwa na ree ya kopa na saba ya uru, na fungu likawa dola 53. Karata ya nne ni nne ya kopa, naye anaweka dola 10. Aliyeweka theluthi mbili ya fungu sasa anaweka chini ya moja ya tano. Amemwona kopa wa tatu akaogopa, na uwezekano mkubwa ni kwamba ana mfalme. Wewe umeshika ree ya kopa, kwa hiyo hawezi kuwa na kopa tano zilizo kubwa kuliko zote, nawe bado una kopa tisa zinazokufaa kati ya karata 46. Ukipandisha hadi dola 40, unahatarisha 40 ili upate 63, na unahitaji atupe takriban asilimia 39 hata kabla ya kuhesabu kopa zako. Dhidi ya mtu anayejua kutupa mfalme, hii ni hadaa nzuri. Dhidi ya mtu asiyewahi kutupa jozi ya juu, lipa dola 10 zako kwa utulivu, kwa kuwa bei ni chini ya asilimia 14 na mkono wako una zaidi ya hizo.

Kwenye karata ya tano hakuna tena cha kusubiri. Fungu ni dola 80, naye anaweka dola 15. Analiweka dau hilo kama kizuizi, ili usije ukaweka 50. Una jozi inayoweza kushinda hadaa pekee? Bei ni chini ya asilimia 14, kwa hiyo inatosha awe anadanganya mara moja katika kila mara saba, na mara nyingi utalazimika kufuata. Una jozi mbili nzuri? Pandisha hadi dola 50 au 60, kwa sababu anayeweka kizuizi kwa kawaida ana jozi moja na hupata shida kuiacha baada ya kufika mbali hivyo. Wachezaji wengi hufuata tu hapa, wakiogopa kupandishiwa tena, na kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote inayoachwa mezani na watu wenye zamu ya mwisho.

Hofu yao ya kupandishiwa tena ina jibu rahisi. Ikiwa mtu aliyeanza na dau hafifu atakupandishia baada ya wewe kupandisha, hasa kwenye karata ya nne au ya tano, amekwisha kutoka katika kundi la wadhaifu. Niliwahi kupoteza dola zangu zote 200 katika mkono mmoja kwa kukataa kuamini hivyo: nilikuwa na jozi ya juu, dau lake lilikuwa dola 8, na nilishikilia udhaifu wa dola hizo nane hata alipoweka kila kitu alichonacho. Alikuwa na saba tatu. Tangu hapo, katika meza za kiwango hiki, mimi hutupa jozi moja mbele ya mpandishaji wa pili bila kusita, na huibakiza mikono ya jozi mbili za juu na zaidi.

Kujizoeza

Mazoezi hayahitaji ukumbi wala fedha. Chukua seti ya karata na bakuli la kunde, gawa karata mbili zako, funua flopu, kisha weka kunde 23 katikati na 5 mbele ya mpinzani wa kufikirika. Kabla ya kutenda, taja kwa sauti karata tatu ambazo angezitupa ukipandisha na tatu ambazo angebaki nazo, ukiamua kwanza ni mtu wa aina gani kati ya wale niliowaeleza. Andika jibu lako kwenye daftari, kisha rudia flopu hiyo hiyo ukimbadilisha mpinzani. Mikono ishirini kwa jioni moja inatosha, na utakapokwama, jambo litakalokutokea zaidi kwa jozi za katikati, hesabu tena bei na ufuate.